Jina Lililoruka na Tisini na Nne

Marlys Joan Haugstad, ambaye tunamzika leo Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024, alizaliwa Alhamisi ya tarehe 9 Machi 1961 katika shamba la wazazi wake, maili nne kaskazini mwa Korsvik, Iowa. Theluji siku hiyo ilikuwa imefunga barabara. Daktari alifika amepanda trekta la jirani, akakuta mtoto ameshazaliwa na mama yake anauliza ng'ombe wamekamuliwa na nani. Alikuwa mtoto wa tatu, na binti wa pekee, wa marehemu Harold na marehemu Vivian Dettmer. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo katika kanisa hili tulimoketi, na waliokuwepo wanasema alilia kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka ya mwisho, halafu akanyamaza watu walipoanza kutoka.

Alisoma hapahapa Korsvik, akamaliza sekondari mwezi Mei 1979. Hakuwa mtu wa vitabu na hakuona haya kulisema. Alipenda darasa la vyuma, ambamo alikuwa msichana peke yake kati ya wavulana kumi na tisa. Mwaka 1978 alichomelea geti la chuma, akalipeleka kwenye maonyesho ya wilaya, likapata utepe wa buluu wa nafasi ya kwanza. Tatizo ni kwamba waamuzi waliposoma jina la Dettmer waliandika kwenye kadi "Dennis". Dennis ni kaka yake, yuko hapa mbele, na mwenyewe atawaambia kwamba hadi leo hawezi kunyoosha hata msumari. Marlys alirudi mezani kwa waamuzi.

"Mmekosea jina."

"Binti, utepe si unao mkononi? Unataka nini tena?"

"Jina."

Walimwandikia kadi nyingine kwa penseli huku wakicheka. Hakucheka nao. Alisimama pale mpaka wakaandika na la pili, Joan.

Tarehe 12 Januari 1981 alijiunga na kikosi cha anga cha akiba cha jimbo, katika kituo cha Garnet Flats, kama fundi msaidizi. Kikosi kilikuwa na ndege kumi kubwa za mafuta, zile zinazonywesha ndege nyingine zikiwa angani. Aliyopangiwa yeye iliundwa mwaka 1958, kwa hiyo ilimzidi umri kwa miaka mitatu, na namba ya mkiani mwake iliishia na tisini na nne. Watu wote waliiita Tisini na Nne, kama mtu anavyoitwa.

Ubavuni mwa pua ya ndege, upande wa kushoto, huandikwa jina la rubani. Upande wa kulia huandikwa jina la fundi. Rubani leo anaruka na hii, kesho na ile, lakini fundi habadilishi. Ukiwauliza mafundi watakwambia ndege ni yao, rubani anaazima tu, na anatakiwa airudishe bila mkwaruzo. Siku ile ya kwanza jina la upande wa kulia lilikuwa la Sajini Lyle Prokop. Marlys alisimama chini yake akalitazama mpaka Prokop mwenyewe akamwona.

"Unasoma nini hapo muda wote huo? Ni jina moja tu."

"Lako litatoka lini?"

Mafundi waliokuwa wanakunywa kahawa walipaliwa.

"Binti, hapa jina hutoka kwa kustaafu au kwa kufa," alisema Prokop. "Na mimi mwaka huu sina mpango wa lolote kati ya hayo."

"Nitasubiri."

"Subiri ukiwa na mopu." Akamwonyesha dimbwi la mafuta chini ya injini namba mbili.

Alisubiri miaka kumi na tatu. Hakuna jambo lingine maishani mwake alilolitaka kwa muda mrefu namna hiyo. Alipiga mopu, alibadilisha matairi kwenye baridi ya kuganda mpaka kope zikashikana, na mwaka 1990 alikwenda na Tisini na Nne jangwani, akalala chini ya bawa lake wiki saba kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Wengine walihamia ndege zilizopata nafasi mapema. Yeye mara mbili aliitwa achukue ndege nyingine na jina lake liandikwe kesho yake, na mara mbili alikataa. Alisema ataandikwa kwenye hii au asiandikwe kabisa.

Katikati ya kusubiri huko aliolewa. Orrin Haugstad alikuwa dereva wa gari la maziwa, na masika ya mwaka 1983 gari lake lilizimika nje ya lango la Garnet Flats. Marlys alitoka zamu, akafungua boneti, akainama humo dakika tano, gari likawaka. "Halijaharibika hili," alimwambia. "Halijapata mtu wa kulipenda tu." Orrin anakiri kwamba wiki iliyofuata alirudi palepale na gari zima kabisa, akasema limeharibika tena. Marlys alilisikiliza, akafunga boneti, akamwambia, "Ukitaka kunipeleka kula, sema." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Juni 1984 katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili: Rolf, mwaka 1986, na Janelle, mwaka 1989.

Ijumaa tarehe 23 Septemba 1994 Prokop alistaafu. Desturi ya pale ni kwamba anayeondoka hukwangua jina lake kwa mkono wake mwenyewe, na anayeingia huwalisha wote maandazi ya sukari. Marlys alikuja na dazeni kumi na mbili. Alikuwa amekaanga na Orrin tangu mchana wa jana yake, na gari zima lilinuka mafuta. Prokop alipanda ngazi, akakwangua taratibu, akashuka, akamkabidhi kikwangulio, kisha akala maandazi sita. Karatasi iliyokatwa herufi ikabandikwa, rangi nyeusi ikapulizwa, karatasi ikabanduliwa: SAJINI MARLYS HAUGSTAD. Mafundi walipiga kelele hadi askari wa lango akaja mbio kuuliza kuna nini. Mwenye jina alishuka ngazi, akapanda tena, akashuka, akapanda tena, mara nne, ili alione kwa karibu na kwa mbali.

Aliyefurahi kumzidi ni mumewe. "Lile ni jina la ukoo wangu," Orrin aliwaambia wanaume wa mkahawani. "Kwa hiyo ndege ni yangu." Kuanzia hapo hawakumpa nafasi ya kupumua.

"Orrin, ndege yako imepita juu ya paa alfajiri, imeamsha watoto."

"Poleni. Nitazungumza na fundi wangu."

"Unamwogopa."

"Ndiyo maana sijazungumza naye bado."

Mwezi Agosti 2003 mheshimiwa mmoja alitembelea kikosi na akaandaliwa safari katika Tisini na Nne. Mgeni kama huyo hubandikiwa jina lake upande wa rubani, kwa siku hiyo moja tu. Vijana wa karakana ya rangi, kwa haraka, walibandika upande wa kulia, juu ya jina la Marlys. Zikiwa zimebaki dakika arobaini ndege iruke, Kanali Strand, mkuu wa kikosi, alimkuta Marlys ameketi kwenye kiti cha kukunja kando ya tairi la mbele, anakula tufaha, na daftari la ndege limefungwa mapajani. Bila saini ya fundi katika daftari lile, ndege haitoki.

"Sajini, mbona hujasaini?"

"Si ndege yangu, Kanali."

"Tangu lini?"

"Tangu saa mbili asubuhi. Soma pale juu. Mwenye ndege ni huyo aliyeandikwa. Mpeni tochi, akague matairi, akishamaliza asaini."

Kanali alisoma, akafumba macho. Mheshimiwa alikuwa ameshafika na alikuwa amesikia yote. Basi mzee yule, na lazima asifiwe kwa hili, alivua koti lake, akasema, "Nipeni hiyo tochi." Marlys alimzungusha ndege nzima, tairi kwa tairi, injini kwa injini, akimuuliza anaona nini. Mgeni alitoka na grisi hadi kwenye tai. Kisha akaomba ngazi, akapanda mwenyewe, akabandua jina lake.

"Sasa ni ya nani?" aliuliza kutoka juu.

"Sasa ni yangu," alisema Marlys, akasaini. Waliruka wakiwa wamechelewa dakika sita tu.

Msaidizi wake tangu mwaka 2008 alikuwa Desmond Ouellette, ambaye ni mmoja wa wabeba jeneza leo. Anasema mwaka wa kwanza aliogopa kupiga chafya karibu naye. Ijumaa tarehe 26 Machi 2021, baada ya miaka arobaini na siku zaidi ya sabini, Marlys alistaafu kwa umri. Alipanda ngazi, akakwangua jina lake, akashuka akampa Desmond kikwangulio. Jioni alikula viazi na nyama. Alinawa mikono mara tatu. Kisha akasema, "Imetoka vizuri. Haikuacha alama," akaenda kusimama kibarazani mpaka Orrin akamfuata na sweta.

Mwezi Februari mwaka huu madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, wakamwambia ahesabu miezi. Alitaka kujua mashine zao zinafanyaje kazi kabla ya kukubali majibu. Alipata matibabu hadi Julai, akasema inatosha, akarudi kukaa nyumbani, kitanda kikawekwa sebuleni karibu na dirisha.

Mwezi Agosti Desmond alikuja na bakuli la viazi vilivyopikwa na mkewe, na habari. Tisini na Nne ilikuwa inastaafishwa. Ijumaa tarehe 4 Oktoba ingeruka mara ya mwisho kwenda Arizona, jangwani, ambako ndege nzee hupangwa kwa safu.

"Mkuu, nataka iende na jina lako."

"Jina lililopo ni lako."

"Nitalikwangua."

"Thubutu!" Aliinuka kwenye mito. "Desmond, hilo jina si pambo. Ndege ikigoma Jumapili chakula kikiwa mezani, simu inalia kwa nani?"

"Kwangu."

"Kwangu imelia lini mara ya mwisho?"

Desmond aliliweka bakuli la viazi dirishani.

"Basi. Jina ni la anayepigiwa simu. Mimi sipigiwi. Usinipe kitu cha kunionea huruma."

Desmond alipoondoka, Orrin alimkuta mkewe ameligeukia dirisha. "Ningelitaka," alisema. "Ningelitaka sana, Orrin. Lakini si kwa namna ile." Familia ilijua, na haikulitaja tena.

Ijumaa ile ya tarehe 4 Oktoba iliamka na umande ulioganda. Nyumba nzima ilikuwa imejaa: Rolf, Janelle, wajukuu wote, na muuguzi Bi. Fern Aldous, wote wakisubiri ngurumo ipite juu. Ilipaswa kupita saa tatu na nusu. Haikupita. Saa nne ikafika, kimya. Vidole vya Marlys vilikuwa vinavutavuta uzi wa blanketi. Kibali cha safari kilikuwa kinaisha saa sita mchana. Kikipita, ndege ingebaki Garnet Flats na kukatwa vyuma palepale iliposimama, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote mle ndani.

Saa nne na dakika ishirini simu ya Orrin ililia.

"Mkuu yuko macho?" Alikuwa Desmond, anahema.

"Yuko macho na amegombana na uji."

"Mpe! Mpe upesi!"

Orrin aliiweka simu kwenye mto wa kitanda, sauti juu kabisa.

"Mkuu, injini namba tatu imegoma. Ndiyo ya kuwasha kwanza, tumejaribu mara tano. Vijana wanasema stata imekufa, tubadilishe."

"Kubadilisha ni muda gani?"

"Muda wa saa sita, tukikimbia."

"Hamna muda huo. Peleka simu kwenye injini."

Ilisikika miguu ikikimbia kwenye zege, na upepo. Marlys alifumba macho. "Washeni," alisema. Kwenye simu kulisikika mlio mdogo, tk, kisha hewa ikizomea, kisha basi.

"Tena."

Tk. Hewa. Basi.

"Stata haijafa," alisema Marlys, na sauti yake haikuwa ya mgonjwa tena. "Haijapata hewa, hewa yote inaishia kwenye vali. Vali imekwama, Desmond! Baridi ya kwanza ya kila mwaka hukwama, nimeishika mara ishirini. Fungua kile kifuniko kidogo cha chini. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Kuna tundu la spana. Wakati wanawasha, wewe izungushe kwa mkono. Usiigonge! Ukiigonga nakuja huko na kitanda changu."

"Nitumie nguvu kiasi gani?"

"Si ya bega, ya kifundo cha mkono. Kama unafungua chupa ya achari ya matango. Sasa washeni!"

Tk. Hewa ikazomea. Ikaendelea kuzomea, ikapanda, ikawa mluzi, mluzi ukawa ngurumo, na simu ikaanza kutetemeka juu ya mto. Bi. Fern alikuwa jikoni. Aliposikia ukelele sebuleni alidhani mambo yamekwisha, akaja mbio na kitambaa mkononi, akamkuta mgonjwa wake anapiga godoro ngumi, "Tatu! Tatu imewaka!" na Orrin anarukaruka kando, mzee wa miaka sitini na sita, na wajukuu wamekumbatiana na mbwa anabweka. Hakuna aliyewahi kuona nyumba ile ikiwa na furaha kiasi kile, na ilikuwa nyumba yenye mgonjwa wa kufa.

Desmond alisogea mbali na injini, akarudi kwenye simu.

"Mkuu, nina swali moja."

"Uliza, uende ukawashe zilizobaki."

"Ndege ilipogoma leo, simu imelia wapi?"

Orrin anasema mkewe aliitazama simu kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Desmond, hiyo si haki."

"Imelia wapi, Mkuu?"

"...Kwangu."

"Basi. Nimeshakata karatasi ya herufi tangu Agosti."

"Lako usilikwangue."

"Silikwangui. Lako naliweka juu."

"Juu hapana!" Alikuwa anacheka na machozi yanamshuka hadi masikioni. "Liweke chini ya lako. Wewe ndiye unayeilea. Mimi nimepigiwa simu tu."

Tisini na Nne iliruka saa tano na dakika arobaini na nane, rangi ikiwa haijakauka. Kitanda kilisukumwa hadi kibarazani. Rubani aliomba ruhusa apite juu ya Korsvik, akaja chini kadiri alivyoruhusiwa, akainamisha bawa la kulia. Sahani kabatini zililia. Hakuna jicho la mtu linaloweza kusoma maandishi umbali ule, lakini Orrin alinyoosha kidole akasema analiona. Marlys akamwambia aache uongo. Baadaye kidogo, ndege ikiwa imebaki kama sindano kusini magharibi, akasema naye ameliona.

Ilitua Arizona alasiri ileile, injini zote nne zikinguruma sawasawa. Picha ambayo Desmond alituma imo katika ukurasa wa nyuma wa ratiba ya ibada hii, muitazame: ndege iko safuni juani, na upande wa kulia wa pua kuna OUELLETTE, na chini yake HAUGSTAD. Iko hivyo hadi sasa tunapozungumza.

Marlys aliionyesha picha hiyo kwa kila aliyekuja kumwona, na wiki ile walikuja wengi. Mchungaji alionyeshwa mara mbili. Alifariki Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, saa moja na robo asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu, Orrin akiwa amemshika mkono.

Walimtangulia wazazi wake na kaka yake Gene Dettmer. Ameacha mume, Orrin, mwana, Rolf, na mkewe Tamsin, binti, Janelle, wajukuu watatu, Brita, Anders na Wren, kaka yake, Dennis Dettmer, na mkewe Lorraine, na Desmond Ouellette, ambaye marehemu aliagiza mwenyewe aandikwe miongoni mwa familia, tena jina kamili.

Pumzika sasa kwa amani, Marlys. Simu ikilia, tutapokea sisi.